Ekari 3 Misungwi, juu luseni na chini mbuga: uchague kilimo gani?

Mkuu, umesema una ekari 3 Misungwi, Mwanza, moja na nusu juu kwenye luseni (udongo wa kichanga) na zilizobaki chini mbugani (bondeni, kwenye udongo mzito), una ng'ombe wawili wa kienyeji na mtaji mdogo. Umeuliza uchague kipi kati ya kilimo hai, kilimo mseto, kilimo cha mashine na kitalu nyumba. Waliotangulia kukujibu wametetea kila mtu dhehebu lake. Naona majina hayo yanakuchanganya bure. Jiulize mambo mawili tu: rutuba inayoondoka na mavuno itarudi shambani kwa njia ipi, na nani ataibeba.

Mkulima wa kuhamahama kwenye misitu ya Kongo anarudishiwa rutuba na msitu wenyewe. Analima miaka 2 au 3, anaacha pori liote miaka 10 hata 20, ndipo anarudi kufyeka na kuchoma. Jasho kidogo, ardhi nyingi mno. Misri, mto Nile ulimwaga tope mashambani kila mwaka hadi bwawa kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970. Tangu hapo wanategemea mbolea ya dukani. Wakulima wa Xochimilco kule Mexico wanachota tope la mifereji ya ziwa kwa mikono na kulipandisha kwenye vitalu vyao. Mwenye mamia ya ekari za mahindi na soya kule Iowa, Marekani, ananunua nitrojeni ya kiwandani, teknolojia iliyoanza kuzalisha kibiashara Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Wewe huna pa kuhamia, huna mto unaofurika, na ekari 3 haziwezi kulipa trekta.

Anayefanana na wewe yuko karibu, kisiwani Ukara, Ziwa Viktoria, kaskazini ya Ukerewe. Udongo wao ni mchanga wa mawe ya itale, masikini kama luseni yako, na watu walishajaa tangu zamani. Wakara walifunga ng'ombe ndani, sakafu ikachimbwa chini ili samadi ijikusanye pamoja na majani ya kulalia, kisha wakaibeba shambani kila mwaka. Ndani ya uwele walipanda jamii ya marejea (mmea wa jamii ya kunde unaorutubisha udongo) na kuifukia, wakazungusha na njugumawe. Kando ya maji walichimba mashimo mapana hadi karibu na maji ya chini, wakaotesha humo majani ya mifugo. Waingereza wa Norfolk walifanya jambo la namna hiyo hiyo karne ya 18: ngano, tanipu, shayiri na klova (majani ya jamii ya kunde) kwa zamu, ng'ombe wakilishwa tanipu na samadi ikirudi shambani.

Ila kuna jambo ambalo watu wa kilimo hai huwa hawalisemi. Wakara waliohamia bara, ambako ardhi ilikuwa bado tele, wengi waliuacha mfumo huo. Hawakuusahau, waliona haulipi jasho lake. Ni kilimo cha mtu aliyebanwa na ardhi. Wewe umebanwa, kwa hiyo kinakufaa, mradi uwe na mikono ya kutosha nyumbani.

Tufanye hesabu. Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 250 anakula kama kilo 6 za majani makavu kwa siku, na karibu nusu inatoka kama kinyesi. Hiyo ni kilo 3 kavu, yaani kama tani moja kwa mwaka kwa kila ng'ombe, kama unakusanya yote. Wakienda machungani mchana na kulala bomani usiku tu, unapoteza nusu au zaidi porini. Ng'ombe wako wawili wakifungwa kutwa, ukichanganya na matandiko na unyevu, unapata tani 4 hivi za samadi iliyooza. Mkokoteni wa ng'ombe unabeba kilo 400 hadi 500, kwa hiyo ni safari 8 hadi 10. Hiyo inatosha ekari moja, siyo moja na nusu. Nusu inayobaki otesha mabingobingo, maana ng'ombe wawili waliofungwa wanataka zaidi ya tani 4 za lishe kavu kwa mwaka. Mabingobingo peke yake hayatafikisha. Panapopungua patajazwa na mabua na majani ya mpunga wa kule mbugani.

Samadi wengi wanaiua wenyewe. Wanairundika juani miezi sita, nitrojeni inapaa hewani, mvua ya kwanza inasafisha iliyobaki, halafu wanalalamika kwamba samadi haina nguvu. Chimba shimo la kina cha mita moja chini ya kivuli, na ukingo kuzunguka ili maji ya mvua yasiingie. Weka tabaka la samadi, tabaka la majani, mwagia mkojo wa bandani, funika kwa majani ya migomba na udongo. Geuza baada ya wiki 4, iache itimize miezi 3. Ikiwa tayari haina joto na hainuki mkojo. Ukiiweka shambani mbichi, inaunguza miche na inakuletea mbegu za magugu.

Usitarajie miujiza mwaka wa kwanza. Samadi kavu yenye nitrojeni asilimia 1 inakupa kilo 10 kwa tani, na msimu wa kwanza mmea unapata kama theluthi tu. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una kilo 23 zinazopatikana papo hapo. Kwa hiyo sioni dhambi kuongeza nusu mfuko wa urea kwenye mahindi ya luseni wakati yamefika magotini. Luseni haishiki urea. Ukiweka yote siku ya kupanda, mvua moja kubwa inaizamisha chini ya mizizi.

Marejea sia katikati ya mistari ya uwele au mahindi wakati wa palizi ya pili, au peke yake kwa kilo 8 hadi 10 kwa ekari. Kata inapoanza kutoa maua, iache inyauke siku mbili tatu, ifukie, subiri wiki 2 ndipo upande. Watu wanachelewa wakingoja mbegu. Shina linakuwa mti, na likifukiwa linakula nitrojeni ya udongo wakati linaoza, zao linalofuata linatoka manjano. Pia inasaidia kupunguza kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka, ambacho kwenye mchanga uliochoka ndicho kinachomaliza uwele na mtama. Usiifanye lishe ya mifugo, jamii hiyo ina sumu ya ini.

Kuna aliyeshauri uchote gugumaji ziwani. Linafaa, lakini asilimia 90 na zaidi ni maji. Tani nzima ikikauka inabaki chini ya kilo 100, kwa hiyo kusomba bichi ni kusomba maji. Lianike ufukweni hadi likauke ndipo ulipakie. Mbegu zake zinaishi miaka mingi kwenye tope, usilipeleke kabisa kwenye jaruba (kipande cha mpunga chenye kingo) au bwawa. Na la mifereji ya mjini liache, mizizi yake inanyonya metali za majitaka.

Mbugani panda mpunga. Jaruba za mita 20 kwa 20 zinatosha, kingo sentimita 40 zilizoshindiliwa. Kosa kubwa ni kutosawazisha: tofauti ikizidi sentimita 5, upande mmoja unazama na mwingine unaota magugu. Lima udongo ukiwa na unyevu kidogo. Ukikauka plau haiingii, ukilowa sana ng'ombe wanazama.

Mbegu chambua kwa maji ya chumvi: ongeza chumvi hadi yai bichi lielee, mimina mpunga, toa unaoelea, suuza uliozama. Loweka saa 24, uatamishe kwenye gunia saa 24 hadi 48, sia kitaluni kilo 12 hadi 15 kwa ekari. Hamisha miche ikiwa na siku 15 hadi 21, miwili kwa shina, sentimita 20 kwa 20. Ukingoja siku 40 kwa sababu mvua imechelewa, machipukizi yanapungua na mavuno nayo. Dawa yake ni kusia vitalu viwili kwa kupishana wiki 2, maana kwetu mvua hupenda kukatika Januari na Februari.

Mbolea ya kupandia ya DAP mfuko mmoja kwa ekari wakati wa kuchavanga (kuvuruga tope), urea nusu mfuko wiki 2 au 3 baada ya kupandikiza, na nusu mimba inapoanza. Punguza maji hadi sentimita 2 au 3, mwaga, changanya na tope kwa palizi. Ukimwaga kwenye maji mengi inapaa, na ukingo ukivuja umemrutubishia jirani wa chini. Mche ukigeuka manjano yenye michirizi na kudumaa, usiongeze urea ukidhani ni njaa. Huenda ni kimyanga, ugonjwa wa virusi wa mpunga, ng'oa na uchome.

Kitalu nyumba sahau kwa sasa. Kule Uholanzi kinalipa kwa sababu soko, umeme na joto vimepangwa. Hapa utakuwa umenunua nailoni na mnyauko wa nyanya. Ukitaka mboga, kodi kipande karibu na ziwa wakati wa kiangazi, ila nje ya mita 60 kutoka majini, kwani Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya hapo.

Kabla ya kuchora jaruba, chimba mashimo matatu ya sentimita 60 kuanzia mwisho wa luseni kushuka. Penye tabaka gumu jeupe kwenye sentimita 30 hivi ni itogolo, na hapo maji yanasimama kuliko unavyodhani. Andika hapa umelikuta wapi, maana mstari wa juu wa majaruba unaanzia hapo.