Mwanangu ana mate haba na hana machozi: je, kosa ni langu?

SWALI: Mwanangu ana miaka 5. Hawezi kumeza tonge la ugali bila kulisukumia kwa maji, akilia machozi hayamtoki, na meno yake ya mbele yameoza hadi kwenye ufizi. Daktari amesema baadhi ya tezi zake za mate hazikuumbika kwa sababu ya hitilafu katika jeni ya FGF10. Majirani wanadai ni kwa sababu nilikula udongo nikiwa mjamzito. Tezi hizi huumbwaje, na je, nimemkosea mwanangu? – Mama, Morogoro

JIBU: Hapana mama, hukumkosea. Hitilafu ya jeni hii kwa kawaida huwamo katika yai au mbegu ya kiume kabla mimba haijatungwa, na udongo hauna uwezo wa kuiingiza.

Mimba ikifika wiki ya 6 hivi, utando wa kinywa cha kiinitete hunenepa mahali fulani, kisha huchomoza kama chipukizi na kuzama katika tishu laini iliyo chini yake. Tishu hiyo ndiyo hutoa protini ya FGF10, ishara ya ukuaji inayotengenezwa kwa maelekezo ya jeni yenye jina hilohilo, nazo seli za chipukizi huwa na kipokezi cha kuidaka. Zikishaidaka hugawanyika, chipukizi hurefuka, hupasuka ncha na kutoa matawi. Tezi changa ya kiinitete cha panya ikilazwa juu ya kichujio maabarani, katika muda wa saa 48 hivi kijifundo kimoja hugeuka kichala kama cha zabibu. Panya asiye na FGF10 kabisa huzaliwa bila tezi hizo.

Seli za kichala nazo hugawana kazi. Zilizo kwenye ncha huwa watengenezaji wa mate, nyingine za majimaji mepesi, nyingine za ute mzito. Za kwenye vikonyo huwa mirija inayoyapitisha mate na kuyapunguza chumvi njiani. Na nyingine, zenye mikono mirefu, huzikumbatia zile za ncha na kuzikamua. Hata neva zinazoota sambamba na tezi zina sehemu yake, kwani kemikali yake, asetilikolini, hudumisha seli mama ambazo hizi nyingine hutokana nazo.

Mwanao ana nakala mbili za jeni hiyo, lakini moja tu ndiyo inayofanya kazi, na nusu ya ishara haikutosha. Kwa kuwa tezi za machozi hutegemea ishara ileile, macho nayo yamekauka.

Msugue meno asubuhi na usiku kwa dawa yenye floridi, asikose maji wala asizoee vitu vitamu, na umpeleke kwa daktari wa macho apewe machozi ya bandia, kwa sababu jicho kavu huweza kupata vidonda. Wewe na baba yake nanyi mpimwe: dalili huweza kuwa hafifu kwa mzazi, na ikiwa mmoja wenu ana hitilafu hiyo, kila mimba ina uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi.