Kurusha gemu laivu kwa kompyuta ya ofisi: usikimbilie kadi ya michoro ya bei ghali

Ndugu, umesema una Dell OptiPlex ile nyembamba ya mitumba, i5 ya kizazi cha 8, RAM ya GB 8 kijiti kimoja, intaneti mnayogawana na wenzako kwenye keja huko Umoja, Nairobi, na shilingi elfu ishirini na tano mfukoni. Unataka kurusha FC, ile gemu ya mpira, na Valorant, ile ya risasi. Aliyejibu kabla yangu anasema bila RTX, zile kadi ghali za michoro za Nvidia, usahau. Simkubali hata kidogo. Mimi hurusha mashindano ya FC ya mtaani kwetu kwa mashine ya ofisi kama hiyo yako, na watu wanarudi wikendi baada ya wikendi. Kinachowafukuza watazamaji ni sauti mbovu na picha inayokwamakwama. Picha isiyong'aa sana wanaivumilia.

Elewa kwanza kwamba mashine inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inaichora gemu, halafu inaibana ile video iwe nyembamba ya kupita kwenye intaneti. Hiyo ya pili ndiyo watu hudhani inataka kadi ya mamilioni. Prosesa yako tayari ina sehemu maalumu ya kubana video, Intel wanaiita Quick Sync. Ukifungua OBS, ile programu ya kurushia laivu, nenda kwenye mipangilio ya enkoda, yaani kibanaji cha video, uchague hiyo, uachane na x264, kwa sababu x264 inakula prosesa ile ile ambayo gemu inaitegemea. Wengine mnaosoma, kama bado hamjanunua, tazameni mwisho wa jina la prosesa. Ikiwa na herufi F, kama i5-9400F au 10400F, haina michoro ya ndani, kwa hivyo Quick Sync pia hakuna.

Sasa kadi. Valorant itacheza kwa michoro ya ndani ukishusha kila kitu chini. FC itakusumbua, kwa hivyo mapema au baadaye kadi utaitaka. OptiPlex nyembamba inapokea kadi fupi (low profile) tu, na pawa saplai yake haina waya wa ziada wa kulisha kadi, maana yake kadi iishi kwa zile wati 75 zinazotoka kwenye sloti. Ukizunguka Luthuli na Moi Avenue utaonyeshwa GT 1030 kama kadi ya kuanzia. Iache. Haina NVENC, ile enkoda ya Nvidia, kwa hivyo kwa kurusha haikuongezei kitu. Utaonyeshwa pia RX 6400. Hiyo inachora vizuri kwa umbo lake, ila AMD hawakuiwekea enkoda kabisa, na muuzaji hatakuambia kwa sababu hakuna anayemuuliza. Kwako wewe RX 6400 bado ingewezekana: gemu inachorwa na kadi, video inabanwa na Quick Sync. Ila uingie BIOS kwanza, ile mipangilio ya kabla ya Windows kuwaka, uhakikishe michoro ya ndani haijazimwa, maana mashine nyingi huizima zenyewe zikishaona kadi imechomekwa. Mimi ningetafuta GTX 1650 fupi. Enkoda yake ni ya kizazi cha nyuma kuliko ile ya 1650 Super, lakini ipo na inafanya kazi.

Kabla ya kadi, ongeza kijiti kingine cha RAM cha GB 8. Michoro ya ndani inakopa RAM ya mashine, na vijiti viwili vinaipa njia mbili za kupitia badala ya moja. Utaona tofauti siku hiyo hiyo. Na ushukuru ni kizazi cha 8, kwa sababu Windows 11 rasmi inaanzia hapo kwa Intel, na Windows 10 ilifikia mwisho wa kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Anayeuziwa i5 ya kizazi cha 6 leo kwa sababu ni rahisi, ajue anachonunua.

Tuje kwa intaneti, kwa maana hapa ndipo wengi wanaangukia na kuilaumu kompyuta. Kifurushi chako kinatangazwa kwa kasi ya kupakua. Wewe unataka kasi ya kupakia. Ipime saa mbili usiku, si saa nne asubuhi. Saa mbili usiku ploti nzima imerudi kutoka kazini, kila nyumba ina sinema, na ile laini iliyokuwa inatamba mchana inaanza kuhema. Chukua kiwango cha chini ulichokiona saa hizo, tumia kama asilimia 70 yake tu. Ukipata megabiti 5 za kupakia, bitireti yako, yaani data unayotuma kila sekunde, iwe kilobiti 3000, halafu sauti 128 au 160 juu yake. Unaacha nafasi kwa gemu yenyewe na kwa mwenzako atakayefungua TikTok bila kukuomba ruhusa.

Na uvute waya. Najua ruta iko kwa chumba kingine, najua mwenye nyumba hataki kutobolewa ukuta. Pitisha waya wa mtandao wa Cat5e chini ya mlango, ibane na utepe. WiFi ya ploti ina ruta ishirini zinazopigania hewa moja, na speed test haitakuonyesha zile nusu sekunde ambazo laini inapotea. Mtazamaji anaziona zote.

Kwa kilobiti 3000, rusha picha ya 1280 kwa 720 (720p), fremu 30 kwa sekunde. Usidanganywe na 1080p fremu 60. Fungua FC ujaribu zote mbili kwa bitireti hiyo hiyo, kisha uangalie uwanja. Kwa 1080p, mpira ukipigwa mbele na kamera ikaanza kukimbia, nyasi zote zinageuka uji wa kijani na namba za wachezaji zinayeyuka. Kwa 720p fremu 30 nyasi zinabaki nyasi. Gemu ya mpira ndiyo mtihani mgumu kwa enkoda, kwa sababu skrini nzima inasogea kwa pamoja. Chagua CBR, yaani bitireti isiyobadilika, keyframe (picha kamili) kila sekunde 2, na sauti ya OBS na ya Windows zote ziwe 48 kHz. Zikitofautiana utasikia mikwaruzo usijue inatoka wapi.

Kuna hesabu nyingine ambayo video za Wazungu hazikuambii. Mtu wako anakutazama kwa simu, kwa bando. Kilobiti 6000, zile ambazo Twitch, mtandao wa kurushia gemu, wanazipendekeza kwa 1080p fremu 60, ni karibu GB 2.7 kwa saa. Nani Umoja atachoma bando hiyo kukuona ukifungwa? Kilobiti 3000 ni karibu GB 1.35, na hata hiyo ni nzito. Kwenye Twitch, chaneli changa haina uhakika wa kupewa viwango vya chini vya video, kwa hivyo mtazamaji huenda akalazimika kupokea ulichotuma jinsi kilivyo. YouTube wao huitengeneza video yako kwa viwango kadhaa, na mtu anashuka hadi 360p au 144p akitaka. Kwa watazamaji wa hapa nyumbani, anzia YouTube. Thibitisha namba yako ya simu mapema, kwa maana kuwashiwa laivu mara ya kwanza kunaweza kuchukua hadi saa 24, usije ukatangaza mechi ya jioni asubuhi yake. Kwenye ucheleweshaji chagua ule wa chini (Low latency), si wa chini kabisa (Ultra low latency). Ule wa chini kabisa haumwachii mwenye laini mbovu akiba yoyote, na picha itamgandia kila dakika.

Ukisharusha, fungua Stats kwenye OBS uiache wazi pembeni. Inahesabu fremu zilizopotea kwa makundi matatu, na kila kundi lina chanzo chake. Zikipotea kwenye mtandao, ni laini: shusha bitireti, au washa ile sehemu ya kuruhusu bitireti ijishushe yenyewe msongamano ukitokea. Zikirukwa kwa enkoda, enkoda imelemewa. Zikikoswa kwa uchoraji, kadi imebanwa na gemu: iwekee gemu kikomo cha fremu 60 badala ya kuiacha ikimbie itakavyo, na ufungue OBS kama msimamizi ili Windows iipe nafasi yake. Nimeona jamaa wakibadilisha kifurushi cha intaneti ilhali fremu zilikuwa zinapotelea kwenye kadi.

Sauti. Hapa ndipo ningeweka pesa za kwanza baada ya RAM. Wauzaji wanapenda kukuuzia maiki ya kondensa yenye taa za rangi. Kwenye chumba cha ploti, kondensa itachukua honi ya matatu, sufuria za jirani, mtoto wa ghorofa ya chini, na wewe kwa mbali. Tafuta ya dainamiki ya USB, uiweke shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiigonge. Kama pesa haitoshi, maiki ya earphone ya simu ikiwa karibu na mdomo inaishinda kondensa iliyo mita moja mbali. Ndani ya OBS ongeza kichujio cha RNNoise cha kuondoa kelele, halafu compressor ya kusawazisha sauti, halafu limiter mwishoni ili ukipiga kelele ya goli usiwatoboe watu masikio. Pazia zito na godoro lililosimamishwa nyuma yako vinasaidia kuliko zile sponji (foam) za ukutani. Muziki wa watu usiupige, utafungiwa sauti ya video au upewe onyo.

Kamera wala usinunue. Tumia simu yako na programu kama DroidCam inayoigeuza kuwa kamera ya kompyuta, na taa ya chumba iwe mbele yako, isiwe nyuma.

Stima nayo. Chukua UPS, ile betri ya akiba, hata ya 650VA. Haitakuendeshea mechi nzima, inakupa dakika chache za kuaga na kuzima vizuri. Lakini usisahau ruta! Watu wengi wana UPS chini ya meza na ruta imechomekwa ukutani, stima ikienda kompyuta inawaka na laivu imekufa. Kuna UPS ndogo za volti 12 za ruta peke yake, hizo zinashika kwa saa kadhaa. Kama unarekodi, rekodi kwa MKV. MP4 ya kawaida ikikatwa katikati haifunguki, ila MKV inabaki na kila kitu hadi sekunde ile ya giza, kisha OBS inakugeuzia kuwa MP4 baadaye bila kupoteza ubora. Simu iwe na bando la akiba, uichomeke kwa USB laini ikigoma. Mei 2024 kebo za chini ya bahari zilipokatika, wengi wetu tulikesha tukibadilishabadilisha laini.

Kwa hivyo elfu yako ishirini na tano mimi ningeigawa hivi: RAM, waya na maiki kwanza, UPS ya ruta inafuata, kinachobaki ukianze kama akiba ya 1650. Rusha kwanza laivu isiyoorodheshwa (Unlisted) kule YouTube, saa mbili usiku, nusu saa nzima, rafiki akikutazama kwa simu yake na bando lake. Fremu zikipotea, nenda kwenye menyu ya Help ya OBS, pakia faili ya logi, utuwekee kiungo chake hapa. Tafadhali, si picha ya skrini uliyoipiga kwa simu.