Ukukwi wa Uani Kwangu

Saa kumi jioni, jua likishapunguza ukali, huvuta kigoda nikakaa uani nikiutazama ukuta wa jiko. Nyoka aitwaye ukukwi hutokea hapo. Huteremka kutoka kwenye makuti taratibu, mwembamba na kijani kibichi, akatoa ulimi mara mbili tatu, kisha akaganda kama kijiti. Pembeni ya dirisha kuna mjusi kafiri. Mjusi akithubutu tu kusogea, kwisha habari yake. Nimelitazama jambo hili mara nyingi na bado moyo hunienda mbio.

Huu ni mwaka wa nne tunaishi naye, yeye au wenziwe, maana siwezi kuapa kwamba ni yuleyule. Nyumba yetu iko nje kidogo ya mji wa Kilifi. Ina paa la makuti, miembe miwili na mikorosho upande wa nyuma. Mahali kama hapo nyoka hawakosi, utake usitake.

Mimi sikulelewa kuwapenda. Nyumbani kwetu nyoka hakuulizwa jina. Aliyeonekana aliuawa, basi. Siku ya kwanza ukukwi alipoonekana jikoni, vijana wa jirani walikuwa wameshafika na fimbo, mmoja ana panga. Aliyetuzuia ni mzee mmoja mgema, anayepanda minazi yetu asubuhi na jioni. Alisema, "Wanangu, mtazameni kwanza. Huyu ana madoa." Tukatazama. Kweli, kuanzia shingoni hadi kupita katikati ya mwili alikuwa na madoa meusi, na macho makubwa yenye rangi ya dhahabu. Akapita juu ya dirisha, akaingia kwenye maua, akapotea. Hakutudhuru kwa lolote.

Mzee yule ndiye aliyenifundisha kutazama. Mgema hukutana na nyoka huko juu, kwa hiyo hana anasa ya kuwachanganya. Nyoka aitwaye hongo, aliniambia, ni kijani kitupu, hana doa, kichwa chake kirefu na chembamba, naye ni mkubwa kuliko ukukwi. Hupenda kukaa juu miembeni na mikoroshoni. Sumu yake inaua. Lakini tafadhali usisome maneno haya ukadhani umehitimu. Yuko pia nyoka mwingine wa mitini, mara nyingine kijani, mwenye macho makubwa kama ya ukukwi, na sumu yake huizuia damu isigande. Ndiyo maana sheria yangu ni moja kwa wote: macho tu, mkono kamwe. Hata ukukwi, ambaye hana sumu, simshiki. Nikimwona kijani ambaye sina hakika naye, narudi nyuma hatua nyingi na kuwaita watoto ndani. Sisi wa pwani hii tuna bahati, kwani Watamu kuna Bio-Ken, kituo cha nyoka alichokianzisha James Ashe mwaka 1980, na watu wake wamezoea kuitwa kuwatoa nyoka majumbani. Kama kwenu wapo watu wa kazi hiyo, weka namba yao kwenye simu leo, usingoje siku ya kuihitaji.

Anayenitia hofu zaidi, niseme kweli, ni kifutu, ambaye wengine humwita bafe. Mnene, mfupi, rangi ya majani makavu. Wenzake wakisikia mtikisiko wa miguu hukimbia, yeye hulala palepale akitegemea rangi yake, na mtu humkanyaga. Kwa ajili yake nimefagia njia ya kwenda chooni, nimehamisha makumbi na mbao mbali na mlango, na usiku hakuna anayetoka bila tochi na viatu. Watoto hulala kitandani, si sakafuni, chandarua kimechomekwa chini ya godoro.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwa kuumwa na nyoka kila mwaka duniani, kwa hiyo sifanyi mchezo. Mtu akiumwa, asikimbie na asitembee akiweza kubebwa. Vua pete na bangili kabla hajavimba, kiungo kisitikisike, na safari iwe ya hospitali moja kwa moja. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba, usipoteze saa nzima ukitafuta jiwe la nyoka, lile linalosemwa kuwa hunyonya sumu. Swila, nyoka anayetema sumu, akikutemea machoni, osha kwa maji mengi, kisha nenda ukaangaliwe.

Liko kosa moja ninalolijutia. Zamani, kabla ya mafunzo ya mgema, nilimuua nyoka wa kahawia nyuma ya magunia ya mahindi. Alikuwa na mistari miwili myeupe kichwani, inayopita kwenye macho. Baadaye nilijifunza kuwa huyo hana sumu, hutembea usiku, na chakula chake ni panya, ambao huwabana kwa mwili mpaka wafe. Msimu ule panya walitoboa magunia matatu. Sasa nikimwona mwenziwe stoo, nafunga mlango polepole.

Ukitaka kuanza kuwatazama nyoka, anza na kukaa kimya. Chagua saa moja, mahali pamoja, umbali wa kutosha, na daftari. Mimi nimeandika humo siku za mvua ukukwi anapochelewa kutoka, na siku ile alipoivimbisha shingo mbele ya paka, rangi ya buluu ikaonekana kati ya magamba.

Juma lililopita binti yangu alikuta gamba lililovuliwa, limenasa kwenye makuti ya upenu. Tulilishusha kwa kijiti, tukalitandaza juu ya meza. Lilikuwa jepesi kama karatasi ya sigara, karibu urefu wa mkono wangu wote. Akauliza mbona hata macho yamo. Nikamwonyesha: nyoka hana kope, jicho lake limefunikwa na gamba angavu, na siku ya kujivua nalo hutoka. Akaliinua kuelekea dirishani, akafumba jicho moja, akajaribu kuchungulia nje kupitia jicho la ukukwi.