Maswali ya Wasomaji: Wakala Mwenye Huruma

SWALI: Ndugu Mhariri, nimetazama filamu ya Uingereza iitwayo It's a Free World..., inayomhusu Angie, mwanamke anayeendesha uwakala wa vibarua wa kigeni jijini London. Nilianza kwa kumhurumia nikamaliza nikimchukia, kisha nikajiuliza kama chuki hiyo ni ya haki, maana naye alikuwa mama anayehangaikia mtoto wake. Nauliza pia kwa sababu dada yangu ameahidiwa kamisheni kwa kila msichana atakayempeleka kwa wakala wa kazi za ndani za Uarabuni. Je, waliotengeneza filamu hii wanamlaani Angie au wanamtetea? Msomaji, Likoni.

JIBU: Ndugu msomaji, filamu hiyo ya mwaka 2007, iliyoongozwa na Ken Loach na kuandikwa na Paul Laverty, haimlaani Angie wala haimtetei. Inatuonyesha namna anavyofikia kila uamuzi, mmoja baada ya mwingine, na kila uamuzi una sababu ambayo ukiitazama peke yake inaingia akilini.

Mwanzoni yeye mwenyewe anadhulumiwa, kwani anapoteza kazi katika kampuni ya uwakala baada ya kukataa kudhalilishwa na mwanamume wa huko kazini. Anaanzisha uwakala wake pamoja na rafiki yake Rose, ofisi yao ikiwa ni ua wa nyuma ya baa, ambako vibarua hukusanyika asubuhi naye huwachagua papo hapo nani apande gari na nani arudi alikotoka. Kodi ya serikali anasema ataanza kuilipa biashara ikisimama. Baadaye anapokea wasio na vibali, na mwisho watu wanafanya kazi bila kupata ujira wao.

Ninaloliona kuwa zito zaidi ni habari ya Mahmoud, mkimbizi kutoka Iran aliyekuwa akijificha na mkewe na watoto. Angie anawachukua na kuwalaza nyumbani kwake, na hafanyi hivyo kwa unafiki. Anawaonea uchungu kwelikweli. Hata hivyo, ni Angie huyo huyo ambaye baadaye anawapigia simu watu wa uhamiaji, akiwachongea wahamiaji wanaoishi katika kambi ya karavani ili apate mahali pa kuwaweka vibarua wake wapya. Rose anavunja ushirika kwa sababu ya simu hiyo. Huruma ya Angie ni ya kweli, lakini inawafikia wale tu walio mbele ya macho yake, na biashara yake inategemea watu ambao hawatazami usoni. Ndiyo maana filamu inapoishia Kyiv, Ukraine, tunamkuta akisajili watu wengine na kupokea fedha kutoka kwa mwanamke anayetafuta kazi. Kwa hiyo chuki yako naielewa, ila nadhani waandaaji wa filamu walitaka itufikishe mbali zaidi ya Angie, hadi kwa viwanda vinavyohitaji vibarua wa bei ya chini na kumwachia wakala lawama yote.

Mambo hayo hawakuyatunga hewani. Tarehe 5 Februari 2004, Wachina wasiopungua 21 waliokuwa wakiokota kome katika ghuba ya Morecambe, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, walizama maji yalipojaa usiku. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya kuwataka mawakala wa vibarua wawe na leseni, lakini ikahusu kilimo, uokotaji wa kome na utayarishaji wa vyakula, huku ujenzi na usafi vikiachwa nje.

Kuhusu dada yako, sina sababu ya kumwita mwovu, na ugumu wa maisha ya Pwani naufahamu. Kinachonitia hofu ni namna ya malipo, kwa maana anayelipwa kwa kila kichwa hupata chake msichana anapopanda ndege, hata kama msichana huyo hatauona mshahara wa kwanza. Katika nchi nyingi za Ghuba kibali cha mfanyakazi kimefungamanishwa na mwajiri wake, kwa hiyo kuondoka kwenye nyumba mbaya si jambo la kufungasha mizigo tu. Mambo yakiharibika, wazazi wa msichana hawatamtafuta wakala wa Nairobi wasiyemjua. Watabisha hodi kwa dada yako, kwa kuwa ndiye waliyemwamini.

Mwambie athibitishe kwanza kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kwamba wakala huyo amesajiliwa. Kisha aulize ni nani anayelipa nauli na gharama za usajili, kwa kuwa Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba mfanyakazi asitozwe ada na wakala. Aombe pia kuuona mkataba wa kazi wenye jina la mwajiri na kiwango cha mshahara, katika lugha ambayo msichana mwenyewe anaisoma. Wakala akikwepa lolote kati ya haya, dada yako aikatae kamisheni hiyo sasa, kabla hajampeleka hata msichana mmoja.