Kwa dada wa Uvinza anayempeleka mtoto hospitali ya Maweni, Kigoma, kupasuliwa ngiri

Pole dada, ngiri kwa mtoto wa miaka minne ni operesheni wanayoifanya sana, we jipange tu. Kubwa kuliko yote ni kukaa bila kula, kawaida chakula na maziwa ya ng'ombe mwisho masaa 6 kabla ya nusu kaputi, maji matupu masaa 2, ila fuata saa watakayokupa wale wahudumu wa usingizi, na mwambie bibi yake pia maana huruma ya bibi ndo inampa kipande cha muhogo kwa siri alfajiri, na tumbo likiwa na kitu anaweza kutapika kikaingia kwenye mapafu akiwa hajitambui, hapo ni hatari kweli. Akianza homa au kikohozi sema mapema, usifiche kisa umeshapoteza nauli, bora waahirishe. Mtoto nae mwambie ukweli, atalala, akiamka patauma na mama yupo, usimdanganye mnaenda kununua soda. Beba khanga za kutosha, beseni, chupa ya chai, kaptula pana isiyobana kidonda. Kadi ya bima na ya kliniki weka mfuko mmoja.