Kopo la mume wangu limezidi pishi, na daftari naliandika mimi

Shangazi, shikamoo. Ninaishi kijijini karibu na Wete, Pemba. Mimi na mume wangu ni Wakristo, na msimu huu amekodi mikarafuu. Wachumaji wetu hulipwa kwa pishi, kipimo cha ujazo, lakini mume wangu huwapimia kwa kopo alilolikata kutoka kwenye dumu, na mimi ndiye ninayeandika daftari. Siku moja hakuwapo, nikaazima pishi ya jirani nikapima: makopo matano yanatoa pishi sita. Nilipomgusia alinijibu kwamba kila mwenye karafuu ana kopo lake, na kwamba mambo ya kanisa ni ya Jumapili. Mama mmoja wa kanisani ameniambia ninyamaze kwa kuwa Biblia inamwamuru mke amtii mumewe. Nimewaza niwe nikichukua fedha kidogo kidogo katika koti lake niwape wachumaji kwa siri. Nifanye nini?
Mwandishi wa Daftari, Pemba

Mwanangu, marahaba.

Nianze na huyo mama wa kanisani, kwa sababu naona neno lake ndilo lililokufunga mikono. Ni kweli kwamba Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 3, unawaagiza wake wawatii waume zao, ili hata mume asiyelisikia Neno avutwe na mwenendo wa mkewe. Lakini mafungu hayo hayo, yanapofika kwa Sara katika mstari wa 6, yanamsifu mke atendaye mema pasipo kutishwa na hofu yoyote. Mwenendo unaomvuta mume ni mwenendo mwema, na sioni wema gani uliomo katika kuandika hamsini mahali ambapo mtu amechuma sitini. Tena Petro ndiye yule yule ambaye, katika Matendo ya Mitume sura ya 5, alimhoji Safira peke yake, kama saa tatu baada ya mumewe Anania kuanguka na kufa kwa kusema uongo. Hakumuuliza Anania alimwagiza nini. Alimuuliza kama waliuza kiwanja kwa bei ile waliyoitaja, naye akajibu uongo kwa kinywa chake mwenyewe. Kila jioni wewe unaulizwa swali la namna hiyo na unalijibu kwa kalamu. Kopo ni la mumeo, lakini mwandiko ni wako.

Kuhusu kopo lenyewe, Maandiko hayakuacha nafasi ya kubishana. Kumbukumbu la Torati sura ya 25 inakataza mtu kuwa na vipimo viwili nyumbani mwake, kikubwa na kidogo, na Mambo ya Walawi sura ya 19 inavitaja vipimo mara tu baada ya kukataza hila katika hukumu, kana kwamba mwenye kupima naye ni hakimu. Sidhani kama mumeo angeridhika iwapo mizani ya kituo cha ZSTC, shirika la serikali ya Zanzibar linalonunua karafuu, anakopeleka karafuu kavu, ingemla kilo moja katika kila sita. Angesimama pale mpaka kituo kifungwe. Na asijidanganye kwamba wachumaji hawajui. Wengi wao ni Waislamu, na tangu chuoni, yaani madrasa, wamesomeshwa Suratul Mutaffifin ya Kurani, inayoanza kwa kuwatolea ole wale ambao wakipimiwa hutaka watimiziwe na wakiwapimia wengine hupunguza. Wanaponyamaza mbele ya kopo lenu wananyamaza kwa sababu wanahitaji kazi, na wanapokuoneni Jumapili mmevaa vizuri mnakwenda kanisani, naona haya hata kuandika wanachosema.

Nataka pia ukumbuke pishi hiyo inatoka wapi. Mkarafuu ni mti mrefu ambao matawi yake hukatika upesi, na hakuna msimu unaopita Pemba bila habari ya mtu aliyeanguka. Anayenusurika hushuka na mzigo wake, na jioni mkewe na watoto huketi naye kuchambua, wakitenga karafuu na makonyo, yaani vijiti vyake, kwa kucha, mpaka vidole viwe vyeusi. Halafu ndipo analetwa mbele ya kopo. Yakobo anaandika katika sura ya 5 kwamba ujira waliozuiliwa wavunaji unapiga kelele, na kwamba vilio vyao vimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Hazungumzii wevi wa usiku, anazungumzia wenye mashamba.

Sasa hilo la koti. Hapana, mwanangu. Najua utanitajia Abigaili, ambaye katika 1 Samweli sura ya 25 alipakia mikate 200 na kondoo watano juu ya punda akawapelekea watu wa Daudi bila kumwambia mumewe Nabali. Abigaili alikuwa na saa chache tu kabla ya Daudi na watu 400 wenye panga kufika mlangoni kulipiza kisasi kwa kuwa Nabali aliwanyima chakula, nawe una msimu mzima mbele yako. Isitoshe, hakuifanya siri yake kuwa desturi. Aliporudi alimkuta Nabali amelewa katika karamu, akanyamaza, na asubuhi divai ilipomtoka akamweleza kila kitu. Ukianza kuchota katika koti, nyumba yenu itakuwa na udanganyifu wa kopo na udanganyifu wa koti, na siku mumeo atakapogundua mazungumzo yote yatakuwa juu ya wizi wako.

Lililo zuri la kuiga kwa Abigaili ni ile asubuhi. Usimkabili mumeo jioni wachumaji wakiwa wamejipanga, kwa maana mwanamume aliyeaibishwa mbele ya vibarua wake hulitetea kopo lake hata kama moyoni ameshalikataa. Subiri siku ya mvua isiyo na kuchuma, mkiwa wawili tu kama Mathayo 18:15 inavyoelekeza, uweke kopo na pishi ya jirani juu ya jamvi, upime mbele yake. Atakwambia kwamba wachumaji nao wanachanganya makonyo na majani ili pishi ijae upesi. Pengine ni kweli, wala usibishe. Mjibu kwamba dawa yake ni kukataa kupima karafuu ambazo hazijachambuliwa vizuri, kila mtu akiona, na si kumkata kimyakimya hata yule aliyechambua kwa uaminifu. Kisha mwambie kwa heshima kwamba kuanzia kesho utaandika pishi za haki, au hutaandika kabisa.

Akikubali, msiishie kwenye kubadilisha kopo. Sheria katika Hesabu 5:7 inamtaka mkosaji aungame, arudishe alichochukua na aongeze sehemu ya tano, tena ampe yule yule aliyedhulumiwa. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili ya Luka, alijitolea kurudisha mara nne, lakini huyo alisukumwa na furaha yake, nami sitakutwisha mzigo huo. Daftari lako lina majina yote, kwa hiyo hesabu ni nyepesi: aliyeandikiwa hamsini anadai pishi kumi, na ukiongeza sehemu ya tano zinakuwa kumi na mbili. Mlipeni kabla hamjapeleka kanisani sadaka ya shukrani ya msimu, maana Mathayo 5:24 inamtaka mtu aiache sadaka mbele ya madhabahu akapatane kwanza na ndugu yake. Mchungaji wenu atasubiri. Makanisa yetu, nasema hili kwa uchungu, hupokea bahasha za msimu bila kuuliza pishi zilipimwaje.

Akikataa, weka kalamu chini siku hiyo hiyo, bila matusi na bila kuhama nyumba, halafu mtafute mzee mmoja ambaye mumeo humsikiliza, hata kama si wa kanisa lenu, azungumze naye. Kama una fedha zako mwenyewe za ushonaji au za mama lishe, unaweza kumfidia mchumaji mmoja mmoja kwa kadiri ya uwezo wako, na mumeo ajue kwamba unafanya hivyo. Wala usisimame kanisani kutoa ushuhuda wa jambo hili: waliopunjwa hawaketi humo, na wanaostahili kuombwa radhi utawakuta uani kwako kesho jioni.