Kikao cha mtandaoni kimetupita saa nzima, nani kakosea?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Niko Kigoma, kwenye kikundi kinachotafiti dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika. Kila mwezi tunakutana mtandaoni na wenzetu wa Bujumbura, Uvira, Mpulungu, Brussels na Tucson, Marekani. Brussels ndio waandaaji. Tangu Novemba tunaingia saa kumi na mbili jioni. Mwezi wa nne tumeingia saa hiyo hiyo, tukakuta wanaagana. Wanasema hawakubadilisha chochote. Nani kakosea?

JIBU: Ndugu yangu, wanasema kweli, na ninyi pia hamkukosea. Kilichosogea ni saa ya Brussels. Nchi za Umoja wa Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kikao kimefungwa kwenye saa kumi alasiri ya Brussels. Wakati wa baridi hiyo ni saa kumi na mbili jioni kwetu. Kuanzia mwisho wa Machi inakuwa saa kumi na moja. Mkizoea hiyo kumi na moja bila kubadilisha utaratibu, Novemba mtaingia saa nzima kabla ya wenzenu.

Nahisi pia mwaliko uliwafikia kama ujumbe wa WhatsApp tu. Ungeukubali kwenye kalenda ya simu, simu ingekuonyesha saa kumi na moja yenyewe.

Dawa ni kukifunga kikao kwenye saa isiyosogea, na saa hiyo mnayo hapo Kigoma. Tanzania haibadilishi saa. Burundi, Zambia na Kongo hazibadilishi, na hata Tucson haibadilishi, maana Arizona ni kati ya majimbo machache ya Marekani yasiyofuata utaratibu huo. Katika vituo sita, kinachohama ni kimoja tu, na ndicho mlichokipa usukani! Mkiweka 17:00 ya Kigoma, Bujumbura, Uvira na Mpulungu itakuwa 16:00 (watu husahau kwamba tuko saa moja mbele ya majirani zetu wa ziwa), Tucson 07:00, na Brussels 15:00 wakati wa baridi au 16:00 wakati wa joto. Hakuna anayeamshwa usiku. Mkipata mwenzenu wa jimbo jingine la Marekani, jihadharini na Machi: wao husogeza saa Jumapili ya pili ya mwezi, wiki mbili au tatu kabla ya Ulaya.

Kwa hiyo ombeni Brussels wafute mfululizo wa zamani, kisha wewe utume mpya. Kwenye kalenda, chini ya saa za eneo, chagua Dar es Salaam, halafu weka kijirudie kila mwezi. Kiungo kinaweza kubaki cha akaunti yao, mradi mwenye akaunti akifungue. Msikihamishie kwenye akaunti ya bure: ya Zoom hukata kikao baada ya dakika 40, na hapo ndipo mjadala wa takwimu huwa umekolea.

Kwenye ujumbe andika hivi: "17:00 Kigoma, 14:00 UTC." (UTC ni saa ya kimataifa isiyosogea.) Usiandike "saa 11" peke yake. Mgeni wa Tucson ataisoma kuwa saa tano asubuhi, na hutamwona.

Kuhusu mtandao, ambao najua utauliza: tumeni grafu na majedwali kwa barua pepe siku moja kabla, kila mtu ayafungue kwenye kompyuta yake, kisha zimeni kamera. Sauti peke yake inakula bando kidogo sana, na hata mtandao ukiyumba mtaendelea kusikilizana. Umeme nao hauagi, kwa hiyo mmoja wenu awe ameingia kwa simu iliyojaa chaji.

Brussels waking'ang'ania saa kumi yao mwaka mzima, waombe basi wakumbushe kikundi kizima wiki moja kabla ya kila badiliko, Machi na Oktoba, wakitaja saa mpya ya kila kituo. Mzigo huo ni haki ubebwe na yule ambaye saa yake inasogea.